UZI MAALUMU: Ziara ya ngome na miji ya kale Ujerumani, kutoka bonde la Rhein hadi Neuschwanstein

#1 Mpanga Ratiba

Wakuu, salaam. Maswali ya Ujerumani yanakuja humu kila mara na majibu yametawanyika kwenye nyuzi kumi, kwa hiyo tuyakusanye hapa. Uzi huu ni wa njia moja tu, ile inayouzwa na kampuni nyingi za utalii: unatua Frankfurt, unaingia bonde la mto Rhein, unapita Heidelberg, Würzburg, Rothenburg, Nördlingen na Augsburg, unamalizia Füssen na München. Berlin na Dresden ni safari nyingine, tusizichomekee humu.

Saa zote nitakazotaja ni za kwetu. Tiketi za Wajerumani zinaandikwa kwa saa 24, hivyo 13:30 ni saa 7 na nusu mchana. Kwa ngome zinazouza tiketi za dakika maalumu, ukichanganya hapo hela imekwenda.

Mambo mawili kabla ya ratiba. Kwanza, kwa siku moja weka jengo moja tu la kuingia ndani kwa ziara ya kuongozwa. Ukiweka mawili, la pili utalifikia unahema na mlango unafungwa. Pili, lala ndani ya kuta za mji, si hoteli ya pembeni mwa barabara kuu. Rothenburg saa 5 asubuhi huoni barabara kwa wingi wa watu. Ikifika saa 11 jioni mabasi yameondoka na mji unatembeka. Hoteli ya nje ya kuta ni nafuu kwa bei, ila inakunyima saa zile nzuri zenyewe.

Siku ya 1. Kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt panda treni ya mji S8 hadi Mainz, kama nusu saa, kisha treni ya mkoa inayofuata ukingo wa magharibi wa mto kwenda Bacharach. Kaa upande wa kulia, mto uko huko. Bacharach ni mji mdogo wenye nyumba za fremu za mbao, na ngome yake ya juu, Burg Stahleck, siku hizi ni hosteli, kwa hiyo hata mwenye bajeti ndogo analala ngomeni.

Siku ya 2. Boti kutoka Bacharach kwenda St. Goar, chini ya saa moja, na hicho ndicho kipande kilichojaa ngome kuliko vyote: Pfalzgrafenstein iliyojengwa katikati ya maji pale Kaub, kisha mwamba wa Loreley wenye kimo cha mita 132. Ukishuka St. Goar vuka kwa pantoni hadi St. Goarshausen, panda treni ya ukingo wa mashariki hadi Braubach, kisha panda kwa miguu hadi ngome ya Marksburg. Pantoni ni lazima kwa sababu kati ya Mainz na Koblenz hakuna daraja hata moja la magari juu ya Rhein. Anayekupa ratiba ya basi inayoruka kutoka ukingo hadi ukingo bila kutaja pantoni hajaifanya njia hiyo.

Siku ya 3 Heidelberg. Siku ya 4 Würzburg mchana, jioni uingie Rothenburg. Siku ya 5 Rothenburg hadi saa 6 mchana, halafu Nördlingen. Siku ya 6 Augsburg, kisha Füssen. Siku ya 7 Neuschwanstein. Siku ya 8 München na ndege.

Karibuni mjazie nyama.

#2 Mawe na Chokaa

Nyama ya kwanza: wengi wanaenda Ujerumani kutafuta ngome ya zama za kati, wanapelekwa Neuschwanstein, wanarudi wakidhani wameiona. Neuschwanstein jiwe la msingi liliwekwa 1869. Ni jengo la matofali lililovishwa mawe meupe ya chokaa, lina bomba la maji kila ghorofa na kengele za umeme za kuita watumishi. Mfalme Ludwig II, aliyelijenga, alikufa Juni 1886 likiwa halijakamilika, na wiki chache baadaye, Agosti mosi, likafunguliwa kwa watu wa kulipa kiingilio. Ukumbi wa kiti cha enzi upo, kiti chenyewe hakikuwahi kutengenezwa. Ni kazi nzuri, na mwaka 2025 UNESCO imeliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na Linderhof, Schachen na Herrenchiemsee. Lakini litazame kama jumba la ndoto za mfalme mmoja, usilitazame kama boma la vita.

Ukitaka boma la vita, ni Marksburg. Katika ngome zote za kilimani za Rhein ya kati, ndiyo pekee ambayo haikuwahi kubomolewa. Ukiingia unapanda ngazi zilizochongwa ndani ya mwamba, pana kiasi cha farasi kupita, na hakuna ngazi mbili zenye kimo sawa. Viatu vya soli laini vinateleza pale hata kukiwa kikavu. Ukumbini tafuta choo: ni kijichumba kilichoning'inia nje ya ukuta, uchafu ulianguka moja kwa moja bondeni, na mlango wake unafungiwa upande wa ukumbini, ili adui akipanda kupitia tundu akwamie humo humo. Ziara ni karibu dakika 50, nyingi zinaongozwa kwa Kijerumani, kwa hiyo omba karatasi ya maelezo ya Kiingereza pale mlangoni kabla kundi halijaondoka. Ukishaingia ndani hakuna wa kukurudishia.

Burg Eltz, karibu na mto Mosel, nayo haikubomolewa, na iko mikononi mwa ukoo uleule kwa zaidi ya miaka 850. Tatizo ni kufika. Kutoka kituo cha Moselkern ni kama kilomita 5 za kutembea msituni, na majira ya baridi imefungwa kabisa, kwa kawaida Novemba hadi mwisho wa Machi. Ukiiweka kwenye ratiba ya Mpanga Ratiba inakula siku nzima ya ziada.

#3 Abiria Sugu

Shukrani wakuu. Swali: nimepewa karatasi na wakala, ziara ya basi siku 8, watu 45, njia karibu na hiyo hiyo. Imeandikwa ngome tisa. Hiyo inawezekana kweli au wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?

#4 Mzee wa Behewa

Inawezekana kwenye karatasi. Soma maneno yao vizuri. Kama ni ratiba ya kampuni ya Kijerumani, Außenbesichtigung maana yake mtaliona jengo kwa nje. Innenbesichtigung ndiyo kuingia ndani. Fakultativ maana yake mnalipa pembeni. Ikiwa ni ya Kiingereza, watasema mtapita au mtasimama kupiga picha. Katika ngome tisa hesabu ngapi wameandika kwamba kiingilio kimo kwenye bei. Mara nyingi utapata mbili au tatu, nyingine mtaziona kupitia dirisha la basi.

Halafu hesabu saa za dereva, maana ndizo zinazotawala ziara nzima kuliko kiongozi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inampa saa 9 za kuendesha kwa siku, 10 mara mbili tu kwa wiki. Kila baada ya saa 4 na nusu za usukani anapumzika dakika 45. Usiku anatakiwa apumzike saa 11 mfululizo, zinaweza kupunguzwa hadi 9 kwa siku chache tu. Maana yake mkiondoka saa 2 asubuhi, kwa siku ya kawaida basi liwe limeegeshwa saa 3 usiku. Kifaa ndani ya basi kinarekodi kila dakika na polisi wanakisoma barabarani. Kwa hiyo kundi likichelewa dakika 20 Heidelberg na dakika 20 Würzburg, kinachokatwa si muda wa dereva, ni muda wenu wa Rothenburg. Kiongozi atasema "tumebanwa na foleni", lakini hesabu ndiyo hiyo.

Watu 45 kushuka na kupanda ni dakika 10 hadi 15 kila kituo, bila choo. Na basi haliingii mji wa kale. Linawashusha nje ya lango, mnatembea. Rothenburg, Dinkelsbühl, Nördlingen, zote ni hivyo.

#5 Abiria Sugu

Aisee. Basi niachane nalo?

#6 Mzee wa Behewa

Sijasema hivyo. Kipande cha Heidelberg, Rothenburg, Dinkelsbühl hadi Nördlingen basi linaishinda treni kwa mbali. Rothenburg hadi Nördlingen kwa barabara ni kama kilomita 75 kupitia Dinkelsbühl. Kwa treni unarudi Steinach, Ansbach, Treuchtlingen, Donauwörth, ndipo Nördlingen. Ukikosa muunganiko mmoja unaongeza saa nzima. Dinkelsbühl yenyewe kwa reli haipo kabisa, ni mabasi ya wilaya, na Jumapili yanapungua sana. Kwa hiyo anayetaka Dinkelsbühl akodi gari kwa siku moja au aende na ziara.

Ila kabla ya kulipa kishika nafasi, mambo matatu. Mwandaaji akiwa Ujerumani hana ruhusa ya kupokea hela ya ziara ya jumla kabla hajakupa Sicherungsschein, hati ya dhamana kwamba akifilisika hela yako inarudi. Pili, mkataba ukimruhusu kupandisha bei, mwisho ni siku 20 kabla ya safari, na ikizidi asilimia 8 una haki ya kujitoa bila kukatwa. Tatu, tafuta idadi ya chini ya watu. Kwa safari ya zaidi ya siku 6 anaweza kuifuta kwa kukosa watu mpaka siku 20 kabla. Akiifuta anakurudishia hela ya ziara, hakurudishii ya ndege uliyojinunulia mwenyewe. Kwa hiyo tiketi ya ndege nunua baada ya kuandikiwa kwamba ziara imethibitika.

Ukinunua kwa wakala wa Nairobi au Dar, muulize mwandaaji halisi ni nani na yuko nchi gani. Kinga hizo zinatoka kwa mwandaaji, si kwa aliyekuuzia tiketi mtaani.

#7 Tikisa Kiberiti

Sisi wa treni sasa. Deutschlandticket au Bayern-Ticket? Tuko wanne.

#8 Mpanga Ratiba

Mkuu, inategemea mnavyohama. Deutschlandticket ni ya mtu mmoja kwa mwezi wa kalenda, euro 63 tangu Januari 2026 (ilianza na 49 Mei 2023). Inapanda treni zote za mkoa, treni za mji, tramu na mabasi ya kawaida nchi nzima, hata lile basi la Füssen kwenda chini ya Neuschwanstein. Haipandi treni za masafa marefu za ICE, IC wala EC, na boti za Rhein na pantoni ya St. Goar unalipa kivyake. Inauzwa kama usajili unaojirudia, kwa hiyo usipositisha kabla ya tarehe 10 ya mwezi, mwezi unaofuata unakatwa. Safari inayoanza tarehe 28 na kuvuka mwezi inaweza kukulipisha miezi miwili. Wauzaji wengine wanadai akaunti ya benki ya Ulaya, wengine wanapokea kadi. Hakikisha hilo kabla.

Bayern-Ticket ni ya siku moja, ndani ya jimbo la Bayern, hadi watu 5 kwa tiketi moja, na kila anayeongezeka analipa kidogo tu. Jumatatu hadi Ijumaa inaanza saa 3 asubuhi, wikendi inaanza usiku wa manane. Andikeni majina yenu juu yake kabla ya kupanda. Kwenu wanne, kwa siku 8 zenye mihamo ya kila siku, Deutschlandticket inashinda. Mkiwa mnalala München siku zote na kutoka mara mbili tu, chukueni Bayern-Ticket.

Ile saa 3 asubuhi ndiyo inayowakamata watu wa Neuschwanstein. Ngoja Mzee wa Behewa aje.

#9 Mzee wa Behewa

Nipo. Hesabu hii ifanyeni kabla ya kununua tiketi ya ngome.

Siku ya kazi, mtu wa Bayern-Ticket anaondoka München baada ya saa 3. Tuseme saa 3 na nusu. Treni hadi Füssen ni kama saa 2, wakati mwingine kwa kubadilisha njiani, kwa hiyo saa 5 na nusu. Basi 73 au 78 mbele ya kituo, dakika 10 barabarani, lakini ongeza kulisubiri na foleni ya kupanda maana behewa zima linataka basi hilo hilo. Saa 6 mchana uko kijiji cha Hohenschwangau. Kupanda kwa miguu ni dakika 30 hadi 40, njia ya lami lakini ni mlima mfululizo. Saa 7 kasorobo uko langoni. Kwa hiyo usinunue tiketi ya kabla ya saa 7 na nusu. Ya saa 8 ndiyo ya kutulia bila wasiwasi. Treni ikichelewa nusu saa, na treni za Ujerumani siku hizi zinachelewa, bado unaingia.

Tiketi ina dakika yake. Kundi lako likiitwa na namba ikawaka kwenye kijilango, unapita. Ukifika baada ya hapo mlango haukutambui na hela hairudi. Nunua mtandaoni wiki kadhaa kabla, hasa Julai, Agosti na siku za masoko ya Krismasi. Zinazobaki dirishani asubuhi ni chache na zinaisha mapema.

Anayelala Füssen usiku uliotangulia hana shida hizi zote. Ndiyo maana siku ya 6 imewekwa huko. Anachukua ziara ya asubuhi mapema, anamaliza, huku waliotoka München ndio kwanza wanapanda mlima.

#10 Binti Mrima

Kaka, na kwa mzazi wa miaka 70? Farasi je?

#11 Mzee wa Behewa

Dada, gari la farasi linapanda kutoka kijijini, lakini linaishia chini kidogo ya ngome. Kuna kama dakika 10 za kupanda zimebaki. Basi dogo linakwenda hadi karibu na daraja la Marienbrücke, na kutoka hapo ni dakika 10 hadi 15 za kuteremka hadi langoni. Kwa magoti ya mzee kuteremka nako ni kazi. Theluji au barafu ikiwepo basi haliendi na daraja linafungwa. Beba noti ndogo na sarafu kwa usafiri huo.

Ndani ndiko penye shughuli: ngazi za kupanda na kushuka zinapita 300, na ziara ni karibu nusu saa bila pa kukaa, kundi jingine liko nyuma yenu. Asiyeweza ngazi awasiliane nao mapema, ipo lifti kwa utaratibu maalumu, haiwi ya kuombea papo hapo. Mabegi makubwa ya mgongoni na vigari vya watoto haviingii. Picha ndani ni marufuku na wanasimamia kweli.

Akiwa hawezi kabisa, Würzburg Residenz inamfaa zaidi kuliko ngome yoyote ya uzi huu. Ni jumba la tambarare mjini.

#12 Mawe na Chokaa

Nakazia hiyo ya Residenz, watu wanaipita mbio kwenda Rothenburg. Ngazi kuu ya msanifu majengo Balthasar Neumann ina dari la kuba lisilo na nguzo hata moja katikati, na dari lote limechorwa na mchoraji Tiepolo, 1752 na 1753. Mji ulipopigwa mabomu usiku wa tarehe 16 Machi 1945 paa liliungua lakini kuba hilo likahimili. Panda ngazi polepole, kwa sababu mchoro umepangwa ufunguke kadiri unavyopanda. Kila ukuta una bara lake. Afrika yuko upande mmoja, mwanamke juu ya ngamia, na biashara imezunguka pembeni yake. Wazungu wa karne ya 18 walivyotuona, pale hapahitaji maelezo. Tenga saa 2.

Heidelberg kinyume chake: ukumbi wa ndani haulingani na jina. Ngome ilivunjwa na majeshi ya Ufaransa 1689 na 1693, ikaanza kukarabatiwa, radi ikaipiga 1764, wakaiacha. Uzuri wake ni magofu yenyewe. Nenda bustanini utafute mnara uliolipuliwa kwa baruti: ukuta wake una unene wa mita 6 na zaidi, na bamba lake limebanduka kama ganda la nazi na kulala mtaroni, zima. Tiketi ya kawaida inajumuisha treni ya kilimani kutoka Kornmarkt, ua, makumbusho ya famasia na pipa kubwa la mvinyo la 1751, lita kama 220,000. Hayo yanatosha. Ziara ya vyumba vya ndani unalipia zaidi, na kwa mwenye siku moja mimi ningeiacha.

#13 Abiria Sugu

Kwa hiyo Nördlingen ina nini? Sijawahi kuisikia.

#14 Mawe na Chokaa

Mkuu, Nördlingen imekaa ndani ya shimo lililochimbwa na kimondo yapata miaka milioni 15 iliyopita. Kanisa la St. Georg limejengwa kwa jiwe lililozaliwa na kishindo hicho, na ndani ya jiwe mna almasi ndogo zisizoonekana kwa macho. Wanaanga wa Apollo 14 waliletwa 1970 kujifunza mawe yake kabla ya kwenda mwezini. Ukuta wa mji umekamilika mduara mzima, unatembea juu yake chini ya paa, kama kilomita 2.7, bure. Panda mnara wa Daniel, ngazi 350, uone duara la mji ndani ya duara la shimo. Usiku kati ya saa 4 na saa 6, kila nusu saa, mlinzi wa mnara anapiga ukelele "So, G'sell, so!" kutoka juu. Simama upande wa uwanja wa kanisa, upepo usiwe mkali, utamsikia.

Rothenburg ni nzuri zaidi kwa picha, sikatai. Lakini fahamu kwamba sehemu yake ya mashariki ni mpya. Tarehe 31 Machi 1945 mabomu yaliharibu karibu asilimia 40 ya mji. Ukitembea juu ya ukuta utaona vibao vya mawe vyenye majina ya watu na makampuni kutoka dunia nzima, ni waliochangia kuujenga upya kwa kila mita. Ndani ya kanisa la St. Jakob panda hadi roshani ya magharibi, ndiko iliko altare ya mchonga sanamu Tilman Riemenschneider ya mwanzoni mwa miaka ya 1500. Wengi wanaangalia altare kuu ya chini na kutoka.

#15 Binti Mrima

Na chakula jamani? Tunaosali tunakula nini wiki nzima? Mkate na maji?

#16 Kinu na Mchi

Dada, hamfi njaa, ila mtakuwa mnasoma menyu kwa makini. Kinachowaponza watu si Schweinshaxe (mguu wa nguruwe), maana hiyo inajitangaza. Ni vile vinavyoonekana vya mboga. Kabichi nyekundu na Sauerkraut mara nyingi hupikwa na mafuta ya nguruwe, yanaitwa Schmalz. Supu ya dengu inawekwa vipande vya Speck, nyama ya nguruwe yenye mafuta. Flammkuchen, ule mkate mwembamba wa krimu na vitunguu, ule wa kawaida una Speck pia. Schneeballen za Rothenburg ni unga uliokaangwa. Uliza kama ni Schmalz au mafuta ya mimea. Jeli na peremende nyingi zina gelatini ya nguruwe. Bia iliyoandikwa alkoholfrei inaruhusiwa kuwa na kilevi hadi asilimia 0.5.

Salama: Käsespätzle (tambi za jibini) bila Speck, samaki Forelle wa kuoka, viazi, saladi, na duka la Mturuki ambalo halikosi hata mji mdogo wenye ukuta. Si kila döner ni halali, tafuta alama au uliza. Kwenye ziara ya basi mwambie mwandaaji kwa maandishi wakati wa kununua. Ukisema siku hiyo hiyo, jikoni wameshapika sahani 45 zinazofanana.

Jumapili maduka ya vyakula yamefungwa, isipokuwa ya vituo vikubwa vya treni. Nunueni Jumamosi. Chupa za plastiki zina amana ya senti 25, zirudisheni kwenye mashine ya dukani. Choo cha kulipia ni senti 50 hadi euro 1, kwa hiyo sarafu zisikosekane mfukoni, na choo cha makumbusho uliyolipia kiingilio usikiache bila kukitumia.

#17 Tikisa Kiberiti

Viza naomba kwa ufupi.

#18 Mpanga Ratiba

Kwa ufupi kabisa. Viza ya Schengen ya muda mfupi, euro 90 tangu Juni 2024, watoto wa miaka 6 hadi 11 ni 45. Unaomba si zaidi ya miezi 6 kabla na si chini ya siku 15. Kwa majira ya joto nafasi za miadi zinajaa, anza mapema. Bima ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na kurasa 2 tupu. Omba Ujerumani kama ndiko utakakolala siku nyingi zaidi. Ratiba unayopeleka ilingane na hoteli usiku kwa usiku. Ukiandika Rothenburg tarehe 5 huku hoteli ya tarehe 5 iko Paris, hapo ndipo ombi linapokwama. Hoteli chukua zinazofutika bila makato hadi viza itoke. Ngome usizilipie mapema mno, tiketi zake hazirudi.

#19 Mwana Usharika

Wapendwa, ngome ya Wartburg mbona haimo? Kwa Mlutheri wa KKKT kwenda hadi Ujerumani na kuikosa ni hasara.

#20 Mawe na Chokaa

Haimo kwa sababu ya jiografia tu. Iko Eisenach, Thüringen, nje ya njia hii. Ila kutoka Frankfurt ni chini ya saa 2 kwa treni ya kasi, kwa hiyo inawezekana siku moja kabla ya kushuka Rhein. Luther aliletwa pale Mei 1521 kwa jina la bandia la Junker Jörg, akaondoka Machi 1522, na katikati yake akatafsiri Agano Jipya kwa wiki 11 hivi. Chumba chake ni kidogo, mbao tupu ukutani, na kinakuja mwishoni mwa ziara, kwa hiyo usitoke mapema.

Na ukitaka mkono wa Wajerumani uliofika kwetu, geukia Württemberg. Mmisionari Krapf alizaliwa 1810 Derendingen, ambayo sasa ni mtaa wa Tübingen. Mwenzake Rebmann, aliyeripoti theluji ya Kilimanjaro 1848, ni mzaliwa wa Gerlingen, jirani na Stuttgart. Tübingen yenyewe ni mji wa kale mzuri, una ngome juu, na ndani yake makumbusho yenye sanamu ndogo za zama za barafu zilizochongwa kwa pembe za mamothi, tembo wa kale. Ngome ya Hohenzollern iko karibu, kituo ni Hechingen, lakini hiyo nayo ni ya karne ya 19 kama Neuschwanstein.

#21 Tikisa Kiberiti

Mizigo? Kila siku kuburuta sanduku si tutaishia kuugua mgongo?

#22 Mzee wa Behewa

Sanduku la magurudumu madogo kwenye barabara za mawe halivuki siku ya tatu. Chukua begi la mgongoni au sanduku la magurudumu makubwa mawili, kilo 12 zisizidi, kwa sababu hoteli za ndani ya kuta nyingi hazina lifti na ngazi ni za mbao zilizosimama wima. Siku ya Würzburg acha mzigo kwenye kabati za kituoni, zipo za ukubwa tofauti na kubwa zinaisha kwanza, hasa Jumamosi. Vituo vidogo kama Steinach havina kitu. Hapo una dakika chache za kuhamia treni ya Rothenburg, safari ya dakika 14 tu, lakini ikikuacha unasubiri saa nzima kwenye kituo kisicho hata na duka la chai.

#23 Abiria Sugu

La mwisho mkuu: ndege yangu inatua München na kurudi kupitia Frankfurt. Nigeuze ratiba yote?

#24 Mpanga Ratiba

Igeuze, inafaa. Füssen usiku wa kwanza badala ya München, kwa sababu uchovu wa ndege na mlima wa Neuschwanstein siku moja havipatani. Mlima uwe kesho yake. Kitu kimoja usikigeuze ni boti. Panda Bacharach ushuke St. Goar vile vile, yaani kufuata mkondo. Boti inayopanda mto inachukua muda mrefu zaidi kwa kipande kile kile. Angalia kwanza kwamba ni msimu wake, maana baada ya Oktoba safari nyingi zinasimama hadi karibu na Pasaka, na kiangazi kikali kikishusha maji wanafuta safari kwa taarifa fupi. Boti ikifutwa, treni ya ukingoni inapita chini ya ngome zilezile. Usiku wa mwisho lala Mainz, si Bacharach. Kutoka Mainz hadi uwanja wa ndege ni S8 moja tu bila kubadilisha, na hata ikifutwa teksi inalipika.